Kiungo bandia hulindwa kabla kisu hakijagusa ngozi

Swali ninaloulizwa kuliko yote na ndugu wa wagonjwa waliobadilishiwa nyonga au goti hapa Dodoma huja siku ya kuruhusiwa. Wanapokea karatasi ya dawa, wanaisoma juu hadi chini, kisha mmoja wao, aghalabu mtoto mkubwa wa mgonjwa, anauliza kwa upole, "Sista, mbona sioni antibiotiki hapa?" Ni swali la haki kabisa. Mfupa umekatwa, chuma kimewekwa ndani ya mwili wa mama au baba yao, na sasa wanaambiwa waende nyumbani na dawa za maumivu na za kuzuia damu kuganda tu. Baadhi yao hawaridhiki na maelezo yangu, nami najua kwamba wakifika mjini watasimama kwenye duka la dawa na kununua kapsuli za siku kumi ili, kama wasemavyo, kukausha kidonda.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji wa mifupa, na katika andiko hili nataka kulijibu swali hilo kwa urefu ambao sipati nafasi ya kuutoa pale mlangoni mwa wodi, gari likiwa linasubiri nje. Jibu langu ni kwamba kinga ya kiungo bandia dhidi ya maambukizi hufanyika karibu yote kabla ya upasuaji na katika zile saa chache za upasuaji wenyewe. Sehemu kubwa ya kinga hiyo imo mikononi mwa mgonjwa na familia yake, nyumbani, wiki kadhaa kabla hajalazwa. Antibiotiki za siku kumi baada ya hapo haziwezi kufidia kilichoachwa nyuma.

Inafaa kwanza kueleza kwa nini kiungo bandia kinahitaji uangalifu kuliko jeraha lingine lolote. Ngozi yetu na tundu za pua zetu zina bakteria wakati wote, hata kwa mtu msafi sana. Wawili wanaotusumbua zaidi katika kazi hii ni Staphylococcus aureus na ndugu yake mpole, Staphylococcus epidermidis, ambaye kwa kawaida hamdhuru mtu. Katika nyama iliyo hai na yenye damu ya kutosha, mwili huweza kuwaua bakteria wengi sana bila mtu kuhisi chochote. Mwaka 1957 watafiti Elek na Conen walionyesha kwamba ili kutengeneza usaha chini ya ngozi ya binadamu mwenye afya zilihitajika mamilioni ya bakteria hao, lakini ukiwepo uzi mmoja tu wa kushonea, mamia yalitosha. Kama uzi unafanya hivyo, fikiria kipande kizima cha titani au kobalti na kromiamu, na plastiki yake ngumu katikati. Kitu hicho hakina mishipa ya damu. Bakteria wakishakikalia hujitengenezea utando wa ute unaowafunika, na chini ya utando huo chembechembe za kinga haziwafikii vizuri, na dawa hazifui dafu kama zinavyofanya kwa bakteria wanaoelea katika damu. Ndiyo maana hata yule bakteria mpole wa ngozi, asiye na madhara popote pengine, anaweza kuharibu goti jipya.

Katika nchi zenye takwimu nzuri, maambukizi ya ndani hutokea kwa takriban mgonjwa 1 au 2 kati ya 100 wanaowekewa kiungo kwa mara ya kwanza. Namba hiyo inaonekana ndogo mpaka uione ndani ya familia moja. Mara nyingi matibabu yake ni kukitoa kiungo kizima, kuweka kwa muda kipande cha saruji ya mfupa kilichochanganywa na dawa, kutumia antibiotiki kwa wiki nyingi, kisha kurudi tena mezani kuwekewa kingine. Kwa mkulima wa Kongwa au mfugaji wa Chamwino, ambaye huenda mara ya kwanza tu aliuza ng'ombe ili kupata sehemu ya gharama, upasuaji wa pili na wa tatu ni mzigo wa ukoo mzima.

Historia ya upasuaji huu ina somo ambalo mimi hulitumia kila ninapofundisha wauguzi wapya. Daktari Mwingereza John Charnley, aliyeanza kuweka nyonga bandia za aina inayotumika hadi leo katika Hospitali ya Wrightington mwaka 1962, aliona mapema kwamba adui wake mkubwa ni usaha. Mwanzoni wagonjwa wapatao 7 kati ya 100 walipata maambukizi. Alianza kushughulikia hewa ya chumba, akajenga kibanda chenye hewa iliyochujwa, akawavalisha wapasuaji mavazi yanayofyonza pumzi zao, akaongeza uangalifu katika kufunga jeraha, na katika taarifa aliyoitoa mwaka 1972 alionyesha kwamba maambukizi yameshuka chini ya 1 kati ya 100. Hakufanya hayo kwa kuwapa wagonjwa antibiotiki. Miaka kumi baadaye, mwaka 1982, utafiti mkubwa ulioongozwa na Lidwell, uliohusisha zaidi ya upasuaji 8,000 nchini Uingereza na Sweden, uliunga mkono hoja kwamba hewa safi sana hupunguza maambukizi ya ndani kwa zaidi ya nusu, na ulionyesha pia kwamba antibiotiki iliyotolewa wakati wa upasuaji ilisaidia sana.

Nataka niwe mwangalifu hapa, kwa sababu habari hii ya hewa inaweza kumkatisha tamaa mtu wa Dodoma. Sisi tunaishi kwenye nchi kame yenye upepo. Kuanzia mwezi wa tano hadi mvua zinapokuja, kwa kawaida mwezi wa kumi na mbili, vumbi jekundu huingia kila mahali: kwenye fremu za madirisha, kwenye mikunjo ya mapazia, kwenye magurudumu ya vitanda vya kusukumia wagonjwa. Mtu anaweza kujiuliza kama kweli goti linaweza kubadilishwa salama mahali kama hapa. Linaweza. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016 wa kuzuia maambukizi ya majeraha ya upasuaji, halikupendekeza ile mitambo ghali ya kupuliza hewa kwa mkondo mmoja hata kwa wagonjwa wa viungo bandia, kwa kuwa tafiti za karibuni hazikuonyesha faida iliyotegemewa, hasa siku hizi ambapo kila mgonjwa hupata antibiotiki kabla ya kisu. Kinachobaki ni nidhamu. Vumbi na bakteria hubebwa na watu, na kila mlango unapofunguliwa hewa ya koridoni huingia. Kwa hiyo mimi huhesabu watu ndani ya chumba, na huomba kila kitu kinachoweza kuhitajika kiwe kimeshaingia kabla ya kuanza: saizi zote za kiungo, saruji, nyuzi, filamu za eksirei. Mlango ukifunguliwa mara tano kwa ajili ya uzi uliosahaulika, maandalizi hayakuwa kamili, na aliyeyaharakisha ajulishwe siku hiyo hiyo kwa heshima.

Sasa nirudi nyumbani kwa mgonjwa, maana hapo ndipo ninapoona mengi yakipotea.

Mzee mmoja aliletwa na wanawe kutoka upande wa Bahi kwa ajili ya kubadilishiwa goti la kulia. Nilimsalimia, akaitikia, tukazungumza kidogo kuhusu mtama na mvua, kisha nikamwomba apandishe suruali nione ngozi. Juu ya kifuniko cha goti palikuwa na safu mbili za chale fupi, bado mbichi, pembeni zimevimba, na ndani yake umepakwa unga mweusi uliokwisha kushikana na damu.

"Babu, hizi umechanjwa lini?"

"Juzi, mjukuu wangu. Walisema zitoe kwanza ile damu mbaya, ndipo ninyi mkate."

Hakukuwa na ubaya wowote katika nia yake. Alitaka kulisaidia goti lake. Nilimweleza kwamba kila chale ile ni mlango, na kwamba daktari akikata kupitia ngozi yenye milango iliyo wazi atakuwa anawasukuma wadudu waingie nao ndani, mpaka kwenye chuma. Upasuaji uliahirishwa hadi ngozi ilipofunga kabisa na makovu kukauka. Watoto wake walinung'unika kidogo kwa sababu ya nauli na kazi zao, jambo ninalolielewa, lakini mzee mwenyewe aliridhia kabla yao.

Chale ni jambo moja tu. Kuna wembe. Wagonjwa wengi, kwa heshima na usafi, hujinyoa mguu mzima usiku wa kuamkia upasuaji, au binti humnyoa mama yake, kwa wembe mpya wa dukani. Wembe huacha mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho, na kufikia asubuhi bakteria wameshaanza kuzaliana ndani yake. Mwongozo ni kwamba nywele zisinyolewe kabisa. Kama zitamzuia mpasuaji, zipunguzwe kwa mashine ya kukata, hospitalini. Kuna visigino. Watu wetu hutembea sana, wengine pekupeku au kwa ndala, na magaga yenye mipasuko mirefu ni jambo la kawaida kwa wazee, pamoja na fangasi kati ya vidole, na pengine funza. Mpasuaji anashughulika na goti au nyonga, lakini vidonda vya mguu ule ule hupeleka bakteria juu. Mimi hupendekeza, angalau mwezi mmoja kabla, miguu ilowekwe kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni kila jioni, ikaushwe vizuri hadi katikati ya vidole, na visigino vipakwe mafuta mazito hadi mipasuko ijifunge. Funza watolewe na mtu anayejua, kwa kifaa safi, na vidonda vipone kwanza.

Kuna meno yaliyooza, ambayo mtu ameyazoea kwa sababu hayaumi kila siku. Yang'olewe au yatibiwe mapema, si wiki ile ile. Kuna sindano za ndani ya goti, zile zinazotuliza maumivu kwa miezi michache: sindano ya dawa jamii ya steroidi iliyochomwa ndani ya miezi mitatu kabla ya upasuaji huongeza uwezekano wa maambukizi, kwa hiyo mgonjwa aliyechomwa popote, hata kwenye zahanati ya mbali, aseme bila woga. Kuna pia maziwa mabichi. Katika wilaya za wafugaji wa kanda hii bruselosi, ugonjwa wa mifugo unaompata mtu kwa maziwa kama hayo, ipo, nayo hukaa kwenye viungo na inaweza kumfanya mtu aumwe nyonga kwa miezi mingi kana kwamba imesagika kwa uzee. Mgonjwa mwenye homa za jioni na jasho la usiku anastahili kupimwa kabla hatujafikiria kumwekea chuma.

Sukari nayo nitaieleza kwa kirefu kidogo, kwa kuwa ndiyo inayoahirisha wagonjwa wengi na ndiyo inayoleta mabishano. Mtu anaweza kuja asubuhi akiwa amefunga, akapimwa kidoleni, sukari ikaonekana nzuri, akaona ameonewa anapoambiwa asubiri. Kipimo tunachokitegemea ni kile cha sukari ya miezi mitatu, ambacho huonyesha wastani wa sukari kwa kipindi kirefu na hakidanganyiki kwa kufunga siku moja. Wapasuaji wengi hutaka kiwe chini ya asilimia 7.5 au 8 kabla ya kuweka kiungo. Sukari ikiwa juu, chembechembe nyeupe za damu hufanya kazi kwa uvivu, na jeraha hufunga polepole. Wapo ambao kisukari chao hugunduliwa siku hiyo hiyo ya kliniki ya maandalizi, na kwao nyonga iliyosagika imekuwa sababu ya kuokoa figo na macho.

Sigara iachwe angalau wiki nne kabla, na isirudiwe hadi jeraha lipone, kwa sababu huibana mishipa midogo inayopeleka damu kwenye ngozi. Ugoro nao una nikotini, na wazee wetu wanaoupenda wasidhani kwamba hauhusiki. Upungufu wa damu utafutiwe sababu na kutibiwa, maana mgonjwa anayeongezewa damu wakati wa upasuaji ana hatari kubwa zaidi ya maambukizi. Na chakula: mwili unahitaji protini ili kuziba jeraha. Hapa kwetu hilo halihitaji duka la mbali. Maharage, kunde, karanga, mayai, maziwa yaliyochemshwa, pamoja na ugali wa mtama na mlenda ambavyo tayari viko mezani.

Usiku na asubuhi ya upasuaji mgonjwa aoge mwili mzima kwa sabuni. Sabuni ya kipande ya kawaida inatosha; mwongozo wa Shirika la Afya Duniani haukuona kwamba lazima iwe ya dawa. Nasema hili kwa msisitizo kwa sababu mji huu unajua mgawo wa maji, na nimeona ndugu wakihangaika kutafuta sabuni maalumu huku ndoo moja ya maji ya kuogea ikiwa haijapatikana. Itafutwe ndoo kwanza. Baada ya kuoga avae nguo safi, alale kwenye shuka safi, asipake mafuta wala losheni kwenye sehemu itakayopasuliwa. Asubuhi za Juni na Julai afunikwe vizuri akiwa anasubiri. Mgonjwa aliyepoa hupata maambukizi kwa urahisi zaidi, na utafiti uliochapishwa mwaka 1996 juu ya upasuaji wa utumbo mpana ulionyesha kwamba kumweka mgonjwa kwenye joto la kawaida kulipunguza maambukizi ya jeraha kutoka asilimia 19 hadi 6. Blanketi ni kinga.

Ndani ya chumba cha upasuaji kuna dakika ambazo mimi nazithamini kuliko zote. Mgonjwa ameshalala mezani, ganzi ya mgongoni imeanza kushika, na mtaalamu wa usingizi anachoma antibiotiki kwenye dripu. Anataja kwa sauti jina la dawa na saa, mimi naandika ubaoni. Dawa hiyo iingie ndani ya saa mbili kabla ya kukata, na kwa sefazolini, ambayo hupungua mwilini haraka, sisi hupendelea ndani ya saa moja. Kwa goti, iwe imeshaingia yote kabla ya mpira wa kubana damu kujazwa hewa kwenye paja, la sivyo damu yenye dawa haitafika pale inapohitajika. Upasuaji ukirefuka kupita saa nne, dozi hurudiwa. Lengo ni kwamba wakati ngozi inafunguliwa, nyama yote ya pale iwe tayari imelowa dawa, ili bakteria wachache watakaodondoka wakute wanasubiriwa. Baada ya wao kushika kwenye chuma na kujifunika utando, nafasi hiyo imepita.

Niongeze neno kuhusu uchaguzi wa dawa. Seftriaksoni imezoeleka mno katika hospitali zetu kwa kila jambo, kwa sababu inapatikana na huchomwa mara moja kwa siku. Kwa bakteria wa ngozi, sefazolini ndiyo inayofaa zaidi, na Shirika la Afya Duniani limeiweka katika kundi la dawa za mstari wa mbele, huku seftriaksoni ikiwa katika kundi la kutumiwa kwa uangalizi. Hospitali yoyote inayoanzisha huduma hii inapaswa kuhakikisha sefazolini haikosekani kwenye kabati lake.

Ngozi hupakwa klorheksidini iliyomo ndani ya spiriti, kisha huachwa ikauke yenyewe, bila kupepewa na bila kufutwa. Kukauka huko ndiko kunakoua, na pia spiriti mbichi inaweza kushika moto mashine ya umeme ya kuzuia damu ikiwashwa. Tunavaa glavu mbili, na za nje hubadilishwa baada ya kutandika vitambaa na tena kabla ya kushika kiungo chenyewe. Boksi la kiungo halifunguliwi mpaka mpasuaji ameshapima na kutamka saizi. Kabla ya kufunga, jeraha husafishwa kwa maji ya dripu mengi, na baadhi ya wapasuaji huliacha dakika chache ndani ya povidoni ayodini iliyopunguzwa makali. Katika nyonga au goti linaloshikiliwa kwa saruji, saruji yenyewe inaweza kuwa na antibiotiki ya jentamaisini ndani yake, wazo lililoletwa na Buchholz na Engelbrecht wa Hamburg mwaka 1970.

Kuna kazi nyingine ambayo mgonjwa haioni kamwe, nayo ni ya chumba cha utakasaji wa vifaa. Seti za kuwekea viungo ni masanduku mazito yenye vyuma vingi, vyenye mifereji na matundu ambamo damu na unga wa mfupa hujificha, na mara nyingi seti hizo si mali ya hospitali bali huletwa na wauzaji kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya orodha ya wagonjwa fulani. Zinapaswa kufika angalau siku moja kabla, kwa sababu lazima zifunguliwe, zihesabiwe, zisuguliwe kwa brashi moja moja, zisuuzwe, zikaushwe, zifungwe na kutakaswa kwa mvuke wenye shinikizo. Kifaa chenye uchafu hakitakasiki hata kikae kwenye mvuke wa nyuzi 134. Maji yetu ya visima yana chumvi nyingi, yanaacha ukoko mweupe kwenye vyuma na ndani ya mashine, na bakteria hupata kimbilio chini ya ukoko huo. Msuuzo wa mwisho kwa maji yaliyoondolewa chumvi ni wa lazima. Seti ikifika asubuhi ile ile ya upasuaji, msimamo wangu ni kwamba orodha isogezwe. Wenzangu wanaofanya kazi ya utakasaji hawapigiwi makofi na mtu, na huwa nasikitika kuona hospitali zikinunua mashine mpya za upasuaji wakati wao wanasugua seti nzima kwa brashi mbili zilizokwisha meno.

Ndipo nifike kwenye zile kapsuli za siku kumi. Baada ya jeraha kufungwa, mwongozo unasema antibiotiki ya kinga isiendelezwe. Wapasuaji wengi wa viungo huishia ndani ya saa 24. Kuendelea hakujaonyeshwa kupunguza maambukizi, ila kunaua bakteria rafiki wa tumboni, kunaleta kuhara, na kunawaacha hai wale sugu tu, ambao ndio watakaokuwa kwenye ngozi ya mgonjwa siku atakapohitaji dawa kwa kweli. Tanzania ina mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na mapambano hayo yanaanzia hapa, kwenye karatasi ya mgonjwa asiyeumwa chochote.

Nyumbani, bandeji iachwe kama ilivyofungwa hadi siku iliyopangwa, labda iwe imelowa. Isifunguliwe ili jirani aone. Usifungue kapsuli na kunyunyizia unga wake juu ya mshono, desturi iliyoenea sana, kwa kuwa unga huo hushikana na majimaji na kuzuia jeraha lisipumue wala kuonekana. Usipake asali, majivu, mafuta ya taa wala dawa ya mitishamba. Mgonjwa alale mahali ambapo kuku na mbuzi hawapiti, sakafu inyunyiziwe maji kidogo kabla ya kufagiliwa ili vumbi lisiruke, na anayemhudumia anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa. Wageni wamjulie hali, wamshike mkono, lakini mguu wauache.

Dalili za hatari ni jeraha linaloendelea kutoa majimaji baada ya siku tano hadi saba, wekundu na joto vinavyoenea, homa, au maumivu yaliyokuwa yanapungua kisha yakaanza kupanda. Likitokea mojawapo, mgonjwa arudi kwa wale waliomfanyia upasuaji, siku hiyo au kesho yake, bila kupitia duka la dawa. Hapa Dodoma Hospitali ya Benjamin Mkapa ina madaktari bingwa wa mifupa, na anayetoka Singida, Manyoni au Iramba asione tabu kurudi alikotibiwa hata kama karibu kuna kituo cha afya. Sababu ni hii: daktari atataka kwanza kuvuta maji ya ndani ya kiungo kwa sindano na kuyaotesha maabara ili amjue bakteria ni nani. Antibiotiki ikianzwa kabla, hata ya siku mbili, maabara inaweza isiote kitu, na matibabu yatakuwa ya kubahatisha. Maambukizi yakigunduliwa ndani ya wiki nne hivi za mwanzo, kabla utando haujakomaa, mara nyingi inawezekana kufungua, kusafisha kwa kina, kubadilisha plastiki ya katikati na kukiacha chuma mahali pake. Yakichelewa, chuma chenyewe hulazimika kutoka.

Hatari haiishi baada ya miezi ya mwanzo, ingawa hupungua sana. Bakteria wanaweza kufika kwenye kiungo kwa njia ya damu hata baada ya miaka, kutoka kwenye jipu, kidonda cha mguu cha mwenye kisukari au maambukizi ya njia ya mkojo. Mwenye nyonga au goti bandia amwambie kila mhudumu wa afya anayemtibu kwamba ana chuma ndani, na jipu lolote litibiwe mapema. Kwa kung'oa jino, antibiotiki ya kinga kwa kawaida haihitajiki kwa sababu ya kiungo hicho peke yake. Wenye kinga dhaifu au waliowahi kupata maambukizi ya kiungo wamuulize mpasuaji wao kabla ya kwenda kwa daktari wa meno.